Daudi Kabaka: Mfalme wa twisti aliyeipa Equator jina na kuondoka akidai haki

KATIKA eneo la Isecheno, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, wimbo ni mali ya kijiji kizima. Ngoma za isukuti zinapolia kwenye harusi, matanga au pambano la mafahali, wapigaji hutuzwa kwa jasho lao la siku hiyo. Hakuna anayeuliza ni nani aliyetunga maneno yanayoimbwa, wala nani anastahili kulipwa kila yanaporudiwa.

Ngoma hizo ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na wenyewe huzihesabu kama watu wa familia moja: baba, mama na mtoto. Huandamana na manyanga, filimbi na pembe. Mjukuu huzirithi kutoka kwa babu yake bila mkataba.

Daudi Kabaka hakuzaliwa Isecheno, lakini alikuwa mwana wa jamii hiyo pana ya Waluhya. Maisha yake yalimtoa katika ulimwengu wa wimbo usio na mwenyewe na kumwingiza katika ulimwengu mwingine kabisa, ambako wimbo ulikuwa bidhaa yenye mtunzi, mchapishaji, studio na bei dukani.

Swali la nani anamiliki nini katika wimbo ndilo lililomwandama kwa muda mrefu wa maisha yake ya usanii. Ndilo pia lililochangia kuvunjika kwa kundi lililompa umaarufu, Equator Sound Band, ambalo katika miaka ya 1960 lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyotamba zaidi Afrika Mashariki.

Zaidi ya miongo miwili tangu afariki, Kabaka angali anakumbukwa kama mfalme wa twisti. Nyimbo zake zimedumu katika vipindi vya zilipendwa, na wapo wasikilizaji waliozaliwa baada ya kundi lake kusambaratika ambao huzifuatisha neno kwa neno.

Mzaliwa wa ugenini

Kabaka alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kyambogo, Uganda, kwa wazazi Waluhya kutoka Kenya. Jina alilokuja kutambulikana nalo ni cheo cha wafalme wa Buganda. Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1939 ndio aliofariki Kabaka Daudi Chwa wa Pili, ambaye alikuwa amekalia kiti hicho tangu mwaka wa 1897.

Hivyo basi kijana wa Kiluhya akaja kutamba Kenya kwa jina ambalo mtu angedhani ni la mkazi wa Mengo.

Kuzaliwa kwake ng'ambo ya mpaka hakukuwa jambo la ajabu. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901 na Kampala mwaka wa 1931, na familia nyingi za magharibi mwa Kenya zilikuwa na jamaa waliokuwa wakitafuta riziki upande wa Uganda. Mpaka ulikuwa mstari kwenye ramani ya wakoloni kuliko ulivyokuwa ukuta kati ya watu.

Kabaka alijitosa katika muziki akiwa bado barubaru, katika miaka ya 1950. Hicho kilikuwa kipindi ambacho gitaa lilikuwa limeanza kushika nafasi ya zeze na ngoma katika makazi ya wafanyakazi mijini.

Askari waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wamekuja na magitaa na masikio yaliyozoea muziki wa mataifa mengine. Katika Pwani, Fundi Konde alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba Kiswahili sanifu na gitaa la umeme vinaweza kukaa pamoja bila kugombana.

Kutoka Katanga walikuja mafundi wa kudonoa nyuzi kwa vidole, Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo. Wote wawili walipita Nairobi na sauti zao zikatumiwa hata kutangaza bidhaa madukani.

Huko magharibi mwa Kenya nako, George Mukabi wa Kisa alikuwa akiendeleza mtindo wa omutibo, ambapo mmoja hudonoa gitaa naye mwenzake hugonga chupa ya soda kuweka mdundo. Mukabi alifariki mwaka wa 1963, lakini mtindo wake ulikwisha kuenea vijijini kote kuanzia Vihiga hadi Butere.

Kijana Kabaka alikulia katikati ya sauti hizo zote. Alipofika Nairobi kutafuta maisha, hakuja mikono mitupu.

Studio iliyokusanya mataifa

Jijini Nairobi, biashara ya santuri ilikuwa imeanza kunawiri kufikia mwisho wa miaka ya 1950. Miongoni mwa waliokuwa wakiiendesha alikuwa mzungu Charles Worrod, ambaye chini yake kampuni iliyojulikana awali kama East African Records ilikuja kuwa Equator Sound Studios.

Mpango wa Worrod ulikuwa rahisi kueleweka. Badala ya kungoja wanamuziki wa kupita waje kurekodi na kwenda zao, studio ingekuwa na kundi lake yenyewe la kudumu, ambalo lingepiga ala kwa kila mwimbaji na kutunga nyimbo mpya mfululizo.

Kundi hilo likaitwa Equator Sound Band. Uongozi wake ulishikwa na Fadhili William, mwanamuziki wa asili ya Taita ambaye jina lake litabaki likihusishwa na wimbo Malaika.

Fadhili alizungukwa na vipaji kutoka pande mbalimbali. Kutoka Zambia, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, walikuja wapiga gitaa Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Baadaye alijiunga Gabriel Omolo. Naye Daudi Kabaka akawa sauti ambayo wengi waliitambua kabla hata mtangazaji hajataja jina lake.

Ujio wa vijana hao wawili wa Zambia ulikuwa na uzito mkubwa. Walikuja na mapigo ya kusini mwa bara, hasa kwela, muziki wa mitaa ya Johannesburg ambao mdundo wake huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa madaha.

Mapigo hayo yalipokutana na gitaa la magharibi mwa Kenya na Kiswahili chepesi cha Nairobi, ulizaliwa mtindo ambao ulipewa jina la twisti ya Kiafrika.

Jina lilitoka Marekani. Mwaka wa 1960 mwimbaji Chubby Checker alikuwa ameitikisa dunia kwa densi ya kuzungusha kiuno bila kumshika mwenzako. Densi hiyo ilifika Nairobi haraka, na vijana wa kumbi za starehe wakaipenda kwa sababu haikuhitaji mafunzo.

Ila twisti ya akina Kabaka ilikuwa tofauti na ile ya Marekani. Hapakuwa na saksofoni za kupiga kelele wala piano. Palikuwa na gitaa la risasi lililosikika wazi kama maji ya kijito, gitaa la pili la kulisindikiza, besi iliyotembea bila pupa, na sauti mbili za waimbaji zilizoambatana tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabaka hakuwa pekee katika uwanja huo. John Nzenze naye alivuma kwa wimbo wake Angelike Twist. Lakini kwa wingi wa nyimbo zilizopendwa na kwa muda zilizodumu masikioni mwa watu, taji lilikwenda kwa Kabaka.

Sauti ya nchi mpya

Kenya ilijinyakulia uhuru wake Desemba 12, 1963. Mzee Jomo Kenyatta akaifanya harambee kuwa wito wa taifa, na Kabaka naye akatoa wimbo Harambee Harambee.

Wimbo huo haukuwa hotuba. Ulikuwa twisti, na mtu angeweza kuucheza huku akiitikia wito wa kujenga nchi. Ndiyo maana uliendelea kusikika redioni, hasa katika siku za sherehe za kitaifa, muda mrefu baada ya nyimbo nyingine za kusifu viongozi kusahaulika.

Redio ndiyo iliyombeba. Idhaa ya Sauti ya Kenya, iliyopewa jina hilo mwaka wa 1964, ilifika mahali ambapo barabara ya lami haikuwa imefika. Kwa vijiji vilivyo mbali na mji, kama vile vya ukingoni mwa msitu huko Isecheno, Nairobi ilijulikana kwa sauti kabla haijajulikana kwa macho.

Nyimbo za Kabaka zilizungumzia mambo ambayo watu waliyajua. Katika Msichana wa Elimu aligusa suala la msichana aliyesoma, wakati ambapo jamii ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuzoea binti aliyemaliza shule. Katika Pole Musa alimliwaza mwanamume aliyepatwa na masaibu. Katika Western Shilo alilipeleka jina la densi ya kwao hadi kwenye santuri ya mjini.

Lugha aliyoichagua zaidi ilikuwa Kiswahili, na uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kibiashara. Mpenzi wa muziki huko Kisumu, Machakos, Arusha au Jinja angeweza kununua santuri ile ile na kuielewa.

Yote hayo yalitokea miaka kadhaa kabla ya serikali kukipa Kiswahili nafasi bungeni mwaka wa 1974. Katika kumbi za densi, kazi ya kuwaunganisha Wakenya kwa lugha moja ilikuwa imeanza mapema.

Equator Sound Band nayo ilikuwa mfano wa jambo hilo. Mtaita aliongoza, Mluhya aliimba, Wazambia walipiga magitaa, na Mjaluo akaja kujiunga nao. Katika nchi ambayo kufikia mwisho wa muongo huo ilikuwa imeanza kugawanyika vikali kisiasa, hasa baada ya kuuawa kwa Tom Mboya Julai 1969, kundi kama hilo lilikuwa na thamani kuliko santuri zake.

Wimbo wavuka bahari

Miongoni mwa nyimbo za Kabaka za kipindi hicho ulikuwepo mmoja wenye kiitikio rahisi na mdundo wa kuinua miguu. Wimbo huo ni Helule Helule. Mwaka wa 1968 ulifanya jambo ambalo wakati huo lilikuwa nadra sana kwa wimbo wa Afrika Mashariki: ulivuka bahari na kurekodiwa upya na kundi kubwa la Uingereza.

Kundi hilo lilikuwa The Tremeloes. Historia yake ni ya kipekee, kwa kuwa mwaka wa 1962 kampuni ya santuri ya Decca iliwapima vijana hao pamoja na kundi jingine ambalo halikuwa na jina kubwa wakati huo, ikawachukua Tremeloes na kulikataa lile jingine. Kundi lililokataliwa liliitwa The Beatles.

Kufikia mwaka wa 1967, Tremeloes walikuwa wamefika kilele cha chati za Uingereza kwa wimbo Silence Is Golden. Mtindo wao ulikuwa ule wa sauti nyingi zilizopangwa kwa upatanifu na nyimbo zenye uchangamfu. Ng'ambo ya Atlantiki, huko California, makundi kama The Mamas and the Papas yalikuwa yakiimba kwa namna hiyo hiyo ya kuleta jua katika masikio ya msikilizaji.

Ni rahisi kuona kwa nini wimbo wa Kabaka uliwafaa. Sauti zilizoambatana, gitaa linalong'aa na furaha isiyo na makeke vilikuwamo tayari katika santuri ya Nairobi. Tremeloes waliutilia maneno ya Kiingereza, wakauacha mdundo na kiitikio, nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za Uingereza.

Kwa vijana wa London waliocheza wimbo huo mwaka wa 1968, jina la Kabaka lilikuwa herufi ndogo kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Lakini kwa sheria ya biashara ya muziki, herufi hizo ndogo ndizo zenye pesa.

Mtunzi wa wimbo hulipwa kwa njia mbili hasa. Kila santuri inapouzwa, kampuni iliyoitoa hutenga sehemu ya mapato kwa ajili ya mtunzi. Kila wimbo unapopigwa redioni au ukumbini, ada nyingine hukusanywa kwa niaba yake. Malipo hayo huitwa mirabaha.

Pesa hizo haziendi moja kwa moja mfukoni mwa mtunzi. Hupitia kwa mchapishaji wa muziki, ambaye naye huchukua fungu lake kulingana na mkataba. Mtunzi aliyetia sahihi bila kuelewa anachokubali anaweza kuusikia wimbo wake ukipigwa duniani kote huku yeye akingojea.

Ufa katika nyumba

Ufa uliojitokeza ndani ya Equator haukusababishwa na chuki ya kikabila wala na ugomvi wa nani aimbe mbele. Ulisababishwa na mirabaha.

Mpangilio wa studio kuwa na kundi lake ulikuwa na faida zake. Mwanamuziki alipata vyombo vizuri, mahali pa kufanyia mazoezi na uhakika wa kurekodi. Kwa kijana aliyetoka kijijini, huo ulikuwa mlango ambao wengi waliuota bila kuufikia.

Mwenye studio naye alikuwa na hesabu zake. Mitambo ilikuwa ghali, santuri nyingi hazikuuzika, na zile chache zilizofaulu ndizo zilizolipia hasara za nyingine. Bila mtaji wake na uhusiano wake na kampuni za Ulaya, huenda Helule Helule usingefika London.

Lakini kwa mwanamuziki, hesabu ilionekana tofauti. Alisikia sauti yake asubuhi redioni, mchana dukani na usiku ukumbini. Aliona santuri zikimalizika. Kisha akitazama alichonacho mkononi, hakikulingana na umaarufu wake.

Suala hilo liliwagusa wengine pia. Kuhusu Malaika, ulioimbwa na wasanii wengi duniani akiwemo Miriam Makeba, mzozo juu ya nani hasa aliyeutunga uliendelea kwa miongo mingi. Wapo waliosimama na Fadhili William, na wapo waliomtaja Adam Salim.

Kilichokuwa wazi ni kwamba kizazi hicho kilifanya kazi yake kabla ya kuwepo taasisi imara za kumtetea mtunzi. Kenya ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka wa 1966, lakini chama cha kukusanya mirabaha kwa niaba ya wanamuziki, MCSK, hakikuundwa hadi mwaka wa 1983. Kwa miaka 17 sheria ilikuwepo kwenye karatasi huku mtunzi akijitafutia haki yake mwenyewe, ana kwa ana na mwajiri wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kabaka alichukua uamuzi mgumu. Aliihama Equator kutokana na mgogoro wa mirabaha, na pamoja naye wakaondoka Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Watatu hao waliunda kundi lao, African Eagles.

Kwa kuondoka kwao, Equator Sound Band ilipoteza mwimbaji wake mashuhuri na wapiga gitaa wawili walioleta mapigo ya kusini. Kundi ambalo kwa karibu muongo mzima lilikuwa limetoa sauti ya Nairobi halikurudi tena katika hali yake ya awali.

Kuvunjika kwa makundi hakukuwa jambo la Nairobi pekee. Huko Marekani, The Mamas and the Papas walikuwa wameachana tangu mwaka wa 1968, miaka mitatu tu baada ya kuanza. Tofauti ni kwamba wasanii wa huko, hata walipokosana, waliacha nyuma mikataba, mawakili na vyama vilivyoendelea kuwakusanyia pesa. Kabaka na wenzake waliondoka na magitaa na majina yao.

Upepo wabadilika

African Eagles walianza safari yao wakati mbaya. Ladha ya mashabiki ilikuwa imeanza kugeuka, na twisti ilikuwa imeanza kuonekana muziki wa kaka wakubwa.

Kutoka upande wa Nyanza, benga ilikuwa inakuja kwa kasi. Daniel Owino Misiani, aliyeanzisha Shirati Jazz mwaka wa 1967, na wenzake walikuwa wameongeza mwendo wa gitaa na besi, na nyimbo za lugha za mama zikaanza kuuzika vyema.

Kutoka Tanzania, ndugu wa Simba Wanyika walikuwa wamevuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutoka Zaire walikuja wanamuziki wa makundi makubwa yenye tarumbeta na magitaa mengi, wakiwemo Super Mazembe na Les Mangelepa. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, na sehemu ya mwisho iliwaacha wachezaji wakitokwa na jasho. Twisti ya dakika tatu ilionekana fupi mno.

Baadhi ya waliopitia Equator walifaulu kuuvuka mto huo. Gabriel Omolo, akiwa na kundi lake la Apollo Komesha, alitoa wimbo Lunch Time kuhusu namna wafanyakazi wa Nairobi wanavyoipitisha saa ya chakula cha mchana. Wimbo huo ukauzika kiasi cha kumletea diski ya dhahabu katika miaka ya 1970.

Fadhili William alihamia Marekani, akaishi New Jersey kwa miaka mingi, na kurejea Kenya katika miaka ya 1990.

Kabaka alibaki. Hakuigeukia rumba ili apate kazi, wala hakuanza kuimba benga. Aliendelea kuwa mwimbaji wa twisti katika nchi ambayo twisti ilikuwa imegeuka kuwa kumbukumbu.

Mnamo Machi 1980, Sauti ya Kenya iliamriwa kupiga muziki wa nyumbani kwa kiwango kikubwa badala ya ule wa nje. Kwa watunzi wa Kenya ilikuwa habari njema, kwa kuwa kupigwa redioni kungepaswa kumaanisha malipo. Lakini agizo hilo halikudumu. Baada ya muda mfupi tu mambo yakarudi yalivyokuwa.

Hata hivyo, umri wa santuri una mambo yake. Vijana waliocheza Helule Helule wakiwa na miaka 20 walikuwa sasa wazazi wenye kazi na majukumu, nao walitaka kuzisikia nyimbo za ujana wao. Vipindi vya zilipendwa vikampa Kabaka wasikilizaji wapya na wa zamani kwa pamoja.

Nje ya nchi nako, watafiti walianza kuutambua muziki huo. John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Nairobi, alikusanya nyimbo za miaka hiyo katika mkusanyiko uliopewa jina la Before Benga. Kichwa hicho chenyewe kilionyesha nafasi ya akina Kabaka: hao ndio waliokuwepo kabla ya benga kutawala.

Mwaka wa majonzi

Kizazi hicho kiliondoka karibu kwa mfuatano. Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000. Fadhili William akafuata Februari 2001. Novemba 26 mwaka huo huo, Daudi Kabaka naye akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 62.

Katika muda usiofika miaka miwili, Kenya ilikuwa imewapoteza watu watatu waliokuwa wameifundisha kuimba kwa Kiswahili mbele ya maikrofoni.

Mwaka ambao Kabaka alifariki ndio ambao Kenya ilipata Sheria mpya ya Hakimiliki, ile ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutumika mwaka wa 2003. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa bodi ya serikali ya kusimamia hakimiliki na vyama vya kukusanya mirabaha. Jambo alilokuwa amelipigania kwa kuihama kazi yake miongo mitatu kabla sasa lilikuwa na ofisi na watumishi wake.

Malalamiko ya wanamuziki hayakuisha kwa hilo. Kwa miaka mingi baadaye, wasanii wa Kenya wameendelea kuuliza pesa zinazokusanywa kutoka kwa hoteli, matatu na vituo vya redio huenda wapi. Lakini sasa wapo pa kuulizia, na lipo neno la kisheria kwa kile wanachokidai.

Huko Isukha na Idakho, isukuti nayo imepata mlinzi wa aina nyingine. Mwaka wa 2014, shirika la UNESCO liliiorodhesha ngoma hiyo miongoni mwa turathi za binadamu zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwa hofu kwamba wazee wanaoijua wanapungua na vijana wanaoirithi ni wachache.

Urithi wa Kabaka hauko katika hatari hiyo. Sauti yake imehifadhiwa kwenye santuri, na zimekuwepo redio za kuipiga. Kilichomsumbua ni jambo jingine, nalo ni kwamba wimbo uliohifadhiwa vizuri unaweza kumlisha kila mtu isipokuwa aliyeutunga.

Kutokana na hali hiyo, kila Harambee Harambee inapopigwa siku ya sherehe, au DJ anapouweka Helule Helule kuwafurahisha wazee harusini, inafaa likumbukwe pia jina la aliyeutunga. Daudi Kabaka alilitaka jina hilo liwe na thamani sawa na wimbo wenyewe, na kwa ajili hiyo alikubali kuondoka katika kundi lililomfanya kuwa mfalme.